Je, Wajua? Kufilisika Kuna Tarehe ya Mwisho

Je, wajua kwamba nchini Kenya mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika huachiliwa na sheria yenyewe baada ya miaka 3? Hana haja ya kumpigia magoti mdai yeyote. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imeliweka wazi jambo hilo, ila kuna kipengele ambacho wengi hukiruka: miaka hiyo 3 haihesabiwi tangu siku ya amri ya mahakama. Inahesabiwa tangu siku mdaiwa alipowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, yaani ana mali gani, anadaiwa na nani, na kiasi gani. Anayeikalia fomu hiyo nyumbani kwa kuona haya, siku zake hazijaanza hata kuhesabiwa. Mfilisi, yaani anayesimamia mali ya aliyefilisika, au mdai akiwa na sababu anaweza kupinga, na hapo mahakama ndiyo hukata shauri. Vinginevyo, siku ikifika imefika.

Na wajua kwamba sheria iliyotangulia haikuwa na siku ya kufika? Sura ya 53, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ilimwacha aliyefilisika katika hali hiyo mpaka aende mwenyewe kortini kuomba afunguliwe. Asipokwenda, jina lile lingemfuata hadi kaburini.

Tanzania bado ina Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, yenye mizizi ya enzi hizo hizo, na huko mtu huomba mahakama imwachilie. Wajua ni ofisi gani ya serikali inayobeba kazi ya ufilisi? Ni RITA, ile ile inayokupa cheti cha kuzaliwa. Inakuandika unapoingia duniani, na mambo yakiharibika inaweza kukabidhiwa mali yako.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya sheria ya Kenya inayomhusu mtu binafsi inafanana mno na sheria ya New Zealand ya mwaka 2006? Ukiziweka pamoja utaona vifungu vinafuatana kama ndugu. Si aibu kukopa sheria nzuri. Huo angalau ni mkopo usio na riba.

Wajua kwamba Katiba ya Kenya, Ibara ya 99, inamzuia mtu aliyefilisika kugombea ubunge, lakini kizuizi hicho ni kwa yule tu ambaye hajaachiliwa? Uganda nayo ina sharti kama hilo katika Ibara ya 80. Maana yake, mtu ambaye mali yake iliwahi kupigwa mnada, akishaachiliwa, ana haki ya kuja mlangoni kwako kuomba kura. Kama utampa ni shauri lako, lakini sheria haina tena neno naye.

Je, wajua kwamba kuna njia fupi zaidi kwa mtu asiye na kitu kabisa? Sheria ya Kenya ina utaratibu wa wasio na mali. Unamfaa mdaiwa ambaye madeni yake hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi milioni 4, ambaye hana mali ya kuuzwa wala kipato cha kumwezesha kulipa. Akikubaliwa, anafunguliwa baada ya miezi 12. Njia hii hupitwa mara moja tu maishani, na aliyeficha mali ili aingie hutolewa humo. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sheria hii inakiri kwamba wapo wagonjwa wasio na senti ya kununulia dawa hiyo, na kuendelea kuwaandikia hakuna maana.

Kwa mwenye kipato kidogo kuna amri ya kulipa kwa awamu chini ya msimamizi, na kuna mapatano ya hiari ambapo wadai hupiga kura kukubali au kukataa mpango wa mdaiwa. Nchini Kenya bado watu wengi huanzia kwa shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na huja kusikia njia hizi lori la dalali likiwa tayari mlangoni.

Wajua kwamba kufilisika hakukuvui kila kitu? Vifaa vya kazi hubaki, hali kadhalika vyombo muhimu vya nyumbani, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Fundi cherehani haachwi bila cherehani, kwa sababu asipofanya kazi hata wadai hawapati kitu. Akiba ya uzeeni nayo ina ngao: Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 inaikinga isihesabiwe kuwa mali ya kugawiwa wadai. Mtu anayekimbilia kutoa akiba yake ya pensheni kulipa mikopo ya simu wiki moja kabla ya kwenda kortini anatoa kitu ambacho wadai wasingeweza kukigusa. Kati ya makosa yote ya waliozama katika madeni, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pesa hizo hazirudi, na uzee haungoji.

Je, wajua madeni yapi hayafutiki? Matunzo ya watoto au mwenzi yaliyoamriwa na korti hubaki. Deni lililopatikana kwa ulaghai hubaki. Na mwenye rehani, yaani benki iliyoshika hatimiliki ya shamba au gari, bado ana haki juu ya kile alichoshika.

Lakini linalowashangaza wengi ni hili: kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini wako. Katika sacco nyingi za Kenya mwanachama hukopa hadi mara 3 ya akiba yake, na zile mbili za juu huzibwa na akiba za wenzake waliotia sahihi. Wewe ukifilisika na kufunguliwa, sacco inawarudia wao. Mwalimu mwenzako, yule mliyekuwa mkinywa naye chai ya saa nne, anaona makato kwenye mshahara wake kwa deni ambalo sheria imeshakuondolea wewe. Nimesikia watu wakijadili kufilisika kana kwamba ni jambo la mtu na benki yake. Siku unapofilisika ukumbi wa sacco huwa na watu wengi zaidi ya hao wawili, na atakayekuhitaji uwe mkweli kabla ya wote ni aliyekuwekea sahihi. Mwambie mapema. Anaweza kuomba awamu nafuu kabla makato hayajaanza.

Je, wajua kwamba mdai anayetaka ufungwe jela kwa deni lazima akulipie chakula? Sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania, zote zikiwa na asili ya India ya Waingereza, zinamtaka aweke mahakamani pesa za kumtunza mfungwa wake. Akiacha kulipa, mfungwa anatoka. Kifungo hakizidi miezi 6, na mtu akitoka deni bado liko palepale. Yaani mdai anaingia gharama juu ya hasara, na mdaiwa anapoteza miezi ambayo angefanya kazi. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume cha mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Miaka miwili baadaye Jaji David Majanja alisema kifungo chenyewe hakijafutwa, ila lazima mdaiwa asikilizwe kwanza na ithibitike kwamba anaweza kulipa na hataki. Tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka ndiyo imekuwa kiini cha mabishano tangu hapo.

Sasa tuje kwa wale wanaotajwa kwa sauti ya chini kwenye foleni ya benki. Wajua kwamba CRB, yaani mashirika ya kumbukumbu za mikopo, hazina orodha nyeusi? Kenya ina mashirika 3 ya aina hiyo yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kumbukumbu zao zina mikopo iliyolipwa vizuri na iliyolipwa vibaya. Kila anayekopa benki huingizwa humo. Kusema “niko CRB” ni kama kusema uko kwenye sajili ya wapigakura. Swali ni kilichoandikwa mbele ya jina lako.

Je, wajua una haki ya kupata taarifa yako bila malipo mara moja kila mwaka kutoka kwa kila shirika? Ukiifungua, juu utakuta jina, nambari ya kitambulisho na namba za simu ulizowahi kutumia. Chini yake kila mkopo una mstari wake: nani alikukopesha, lini, kiasi cha mwanzo, kilichobaki, na siku ulizochelewa. Mwishoni kuna majina ya waliochungulia faili yako. Watu hukimbilia mstari wa deni kubwa, lile la benki lililowaliza. Mara nyingi kinachowakwamisha ni mkopo wa simu wa shilingi 1,700 uliochukuliwa kwa laini iliyopotea, ukasahaulika, ukachelewa siku 400 na zaidi. Ondoa huo kwanza. Ni nafuu, na unahesabiwa kuwa akaunti mbovu sawa na ule mkubwa.

Wajua kwamba kabla ya kukuripoti vibaya, mkopeshaji lazima akupe notisi ya siku 30? Na kwamba tangu mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliruhusiwi kuripotiwa? Ukikuta lolote kati ya hayo limekiukwa, lalamika kwa shirika lenyewe kwa maandishi. Linapaswa kuchunguza na kurekebisha.

Je, wajua kwamba taarifa mbaya hukaa miaka 5 baada ya deni kumalizwa? Hapa ndipo hasira za wengi huwaka: amelipa, ana risiti, na mstari bado upo. Mstari haufutiki, ila hubadilika. Badala ya kusomeka kuwa unadaiwa unasomeka kuwa umelipa, na kwa afisa wa mikopo hayo ni mambo mawili tofauti. Benki Kuu ya Kenya imeshaziambia benki kwamba taarifa mbaya peke yake isiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo. Sasa, kama benki zinasikia, hilo muulize aliyekataliwa juzi.

Ndiyo maana matangazo ya “tunasafisha jina CRB kwa siku 2” ni wizi mtupu. Anayeweza kubadilisha taarifa ni mkopeshaji aliyeiweka, au shirika lenyewe baada ya kuchunguza malalamiko yako. Mtu wa Telegram mwenye picha ya jengo refu hana mkono humo. Vivyo hivyo, usitarajie faili ijisasishe yenyewe siku utakapoachiliwa na mahakama. Chukua nakala za hati ya kuachiliwa, peleka moja kwa kila aliyekuwa akikudai, dai wagonge muhuri wa kupokea, kisha baada ya muda vuta taarifa upya uone kama wamefanya.

Wajua kwamba alama za Metropol huanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa tayari ameshindwa kulipa mkopo fulani?

Je, wajua kwamba uaminifu wako katika chama haumo kwenye faili hiyo? Unaweza kutoa mchango kila Jumapili kwa miaka 10 bila kukosa, mweka hazina akakusifu kwa jina mbele ya wote, na CRB isijue lolote. Chama hakiripoti popote. Sacco zinazosimamiwa na SASRA zinaweza kuripoti. Kwa mtu anayejenga jina upya, njia ninayoipenda ni kuanza tena na akiba ndogo kwenye sacco, kisha akope kiasi kisichozidi akiba yake mwenyewe, bila kumsumbua mdhamini. Hakopi kwa sababu ana shida. Anakopa ili mistari mipya 12, yote ya malipo yaliyofika kwa wakati, ijipange juu ya ile ya zamani. Afisa wa mikopo husoma ya karibuni kwanza.

Wajua kwamba mwezi Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kurekebisha kumbukumbu za mikopo ya simu? Wakopaji zaidi ya milioni 4.2 walikuwa wameripotiwa vibaya kwa madeni ya jumla ya shilingi bilioni 30 hivi. Kiasi hicho kilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya mabenki. Yaani mamilioni ya watu walikuwa nje ya mlango kwa deni ambalo kwa mabenki ni chenji. Wakopeshaji walitakiwa kusamehe angalau nusu, na mkopaji alipewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza kilichobaki. Tarehe 30 ya mwezi ule ule wa Novemba, serikali ilizindua Hazina ya Hustler: mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 14 za kulipa, na asilimia 5 ya kila mkopo ikiwekwa akiba. Ukilipa kwa wakati, kiwango chako kinapanda. Shilingi 500 haijengi nyumba, na hakuna aliyesema itajenga.

Je, wajua kwamba anayeomba kazi serikalini Kenya mara nyingi huambiwa alete cheti cha CRB pamoja na vyeti vya KRA ya kodi, HELB ya mikopo ya wanafunzi, tume ya maadili na cheti cha polisi cha mwenendo mwema? Kanuni za 2020 zilifanya cheti cha CRB cha mara ya kwanza kuwa bure. Hata hivyo mantiki inasumbua: kijana hana kazi, kwa hiyo hakulipa, hakulipa, kwa hiyo asipewe kazi.

Tanzania ina mashirika mawili yaliyopewa leseni mwaka 2013, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Lakini mkopeshaji anayekutisha zaidi mtaani haripoti popote: ni yule wa kausha damu, anayeshika kadi yako ya benki na namba ya siri, au friji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kumlipa wa namna hii hadi senti ya mwisho hakukuongezei hata alama moja.

Je, wajua kwamba walio ughaibuni wana kalenda nyingine kabisa? Uingereza na Wales, aliyefilisika kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12, lakini alama hukaa kwenye faili yake miaka 6. Marekani, kufilisika kwa Sura ya 7 hukaa hadi miaka 10, na kwa Sura ya 13 huondolewa baada ya 7. Huko lazima upite mafunzo mawili ya fedha, moja kabla ya kufungua kesi na jingine kabla ya kufunguliwa. Asilimia 35 ya alama za mkopo za FICO hutokana na historia ya malipo. Wanaoanza upya hutumia kadi ya mkopo yenye amana: unaweka dola 200 zako, unapewa kikomo cha dola 200, unanunua mafuta ya gari, unalipa yote mwisho wa mwezi. Miaka 2 tu baada ya kuachiliwa kwa Sura ya 7, mtu anaweza kuomba mkopo wa nyumba wenye bima ya shirika la serikali FHA. Aliye Minnesota au Texas na bado anaogopa kufungua bahasha za wadai angefanya vizuri kulijua hilo.

Wajua kwamba mwandishi Mark Twain alifilisika? Kampuni yake ya uchapishaji ilianguka mwaka 1894. Sheria haikumlazimisha kulipa kila kitu, lakini mwaka uliofuata, akikaribia miaka 60, alianza safari ya mihadhara iliyompeleka Australia, India, Mauritius na Afrika Kusini. Kufikia 1898 alikuwa amemaliza kulipa wote.

Na wajua kwamba kumpa nafasi aliyezidiwa na deni ni jambo la kale kuliko benki yoyote? Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe mpaka apate nafuu. At-Tawba, aya ya 60, inawaweka wenye madeni kati ya makundi 8 yanayostahili zaka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inataka madeni yaachiliwe kila mwisho wa miaka 7. Msikiti au kanisa likimsema vibaya aliyefilisika, limesahau kurasa zake lenyewe.

Je, wajua kwamba anayeanza upya bila shamba wala gari bado anaweza kuwa na dhamana ya kukubalika? Tangu mwaka 2017 Kenya ina sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Ng'ombe wa maziwa, mashine ya kusaga, mazao yaliyo shambani, hata pesa unazodai wateja wako, vyote vinaweza kuwekwa rehani na kuandikwa kwenye sajili ya mtandaoni. Mkopeshaji makini huipekua sajili hiyo kwanza, ahakikishe ng'ombe unayemwonyesha hajawekwa rehani kwa watu wawili wengine.